Kinyago cha Santo na kibao cha baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Juu ya mlango wa duka lake alitundika kibao chenye jina lake, na chini yake maneno "na Wanawe". Kibao kile kilipoandikwa hakuna hata mmoja wetu aliyejua kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa darasa la tano, nikajiona tayari nina duka. Siku moja mteja alikuja kuulizia suruali yake, nami nikamjibu kwa kifua mbele, "Sisi ndio wenyewe hapa." Baba alinyamaza mpaka mteja alipotoka, kisha akanisogezea kipande cha kitambaa na chaki. "Mwenyewe ni yule ambaye mteja akivaa kazi yake, anarudi," akasema. "Haya, kata."

Siku hizi nikimwaza baba, namkumbuka pia mtu wa mbali ambaye baba hakuwahi hata kumsikia: Rodolfo Guzmán Huerta, mwanamieleka wa Mexico. Wengi wetu tulivijua vinyago vya Mexico kwa kumtazama Rey Mysterio kwenye televisheni. Guzmán ni wa zamani zaidi. Alizaliwa Tulancingo mwaka 1917, akakulia Tepito, mtaa wa wachuuzi jijini Mexico. Nduguze nao walipanda ulingoni. Mmoja alijulikana kama Black Guzmán.

Kabla hajawa mtu, Rodolfo alijaribu kupita njia ya mkato. Kulikuwa na mwanamieleka mwenye jina kubwa, Murciélago Velázquez, yaani Popo. Rodolfo akajiita Murciélago wa Pili. Mwenye jina akashtaki kwa tume ya mchezo, na kijana akavuliwa jina lile. Ndipo meneja wake, Jesús Lomelí, akampa majina matatu achague: Santo, Diablo au Ángel. Mtakatifu, Shetani au Malaika. Akachagua Santo, na mwezi Julai 1942 akaingia ulingoni na kinyago cha rangi ya fedha. Mwanzoni alicheza kwa ukatili, mtakatifu wa jina tu, akizomewa kila alikokwenda. Miaka ya sitini ndipo alipohamia upande wa waungwana.

Kinyago cha kule si pambo. Kinafungwa kwa kamba kisogoni kama kiatu, na ukimvua mwenzako katika pambano la kawaida, unaondolewa wewe. Lakini wawili wanaweza kukubaliana kuweka vinyago vyao dau. Atakayeshindwa anavua mbele ya umati, anataja jina lake la kuzaliwa, na kinyago kile hakivai tena. Tarehe 7 Novemba 1952, katika Arena Coliseo, Santo alimshinda Black Shadow, na watu wakauona uso wa Alejandro Cruz. Mwaka uliofuata Blue Demon, mwenzake Black Shadow, alimlipizia kisasi kwa kumnyang'anya Santo ubingwa.

Uso wa Santo haukuonekana. Alicheza filamu zaidi ya 50 akiwa amejifunika. Alikuwa na kinyago maalumu cha kulia chakula, kilichoachwa wazi kidevuni. Akisafiri na wenzake wa filamu, alipanda ndege tofauti, wasije wakamwona anapovua kwenye ukaguzi wa pasipoti. Hebu fikiria mtu anayepigiwa kelele na maelfu, halafu akitoka na uso wake mtupu hakuna anayemtambua hata anapovuka barabara. Sifa zote aliliachia jina.

Watu husifu siri hiyo, nami naiheshimu. Lakini kinachonigusa zaidi ni jinsi alivyolea. Alikuwa na watoto kumi, na kitinda mimba wake, Jorge, ndiye aliyetaka ulingo. Santo angeweza kumvisha kinyago siku ileile na viwanja vikajaa. Hakufanya hivyo. Alimwekea sharti la masomo ya chuo kikuu kwanza. Kijana, damu ikimchemka, alianza kupigana Februari 1982 chini ya jina jingine kabisa, El Korak. Watazamaji waliomwona hawakuwa na sababu ya kumshangilia isipokuwa kwa kile alichofanya mbele yao. Oktoba mwaka huohuo ndipo alipotoka na rangi ya fedha, akiitwa El Hijo del Santo, Mwana wa Santo.

Baba aliyewahi kuvuliwa jina la mwenzake alijua uzito wa jina. Naamini hivyo kwa moyo wote, kwa sababu niliuona uzito huo kwenye chaki na kitambaa. Suruali yangu ya kwanza niliifumua mara tatu. Ya nne baba alipitisha kidole kwenye mshono wake, akaikunja, akaiweka kwenye rafu pamoja na zake, bila kusema neno. Sijapata kusifiwa vile tena.

Januari 1984, kwenye kipindi cha televisheni, Santo aliinua kinyago chake kidogo akaonyesha sehemu ya uso. Tarehe 5 Februari moyo wake ulisimama, akiwa na miaka 66. Alizikwa na kinyago chake usoni. Mwanawe alikuwa tayari na cha kwake.