Mjane wa Sherikat

Je, inafaa kukitia chumvi kisa cha kweli iwapo nia ni njema? Mimi swali hili lilinijia ndani ya bahasha yenye shilingi 5,000, ambayo mwenyewe hayupo duniani.

Likizo iliyopita nilikuwa kwa mjomba wangu Sherikat, mashariki ya Mto Nile, Juba. Jina hilo lina mzizi mmoja na neno letu "shirika", na kweli ni mtaa wa biashara. Malori huingia kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami. Siku moja lori lilikwama njiani, mama mmoja muuza nyanya akaharibikiwa na makreti manne. Nilimwona akizichambua mafungu matatu: ngumu, laini, na za kumwaga.

Niliporudi chuoni Nairobi kulikuwa na shindano la mawazo ya biashara. Wazo langu lilikuwa masanduku ya kuhifadhia mboga zisiharibike upesi. Mkufunzi alituambia tuanze na mtu, kwa kuwa takwimu husahaulika. Ushauri mzuri. Lakini niliona mama wa nyanya hana uzito wa kutosha, nikamfanya mjane. Nikampa mtoto mgonjwa. Makreti manne yakawa kumi. Ukumbi ukanyamaza, wengine wakafuta macho.

Tulipotoka, mzee mmoja mfanyabiashara akanivuta kando. "Mwanangu, mfikishie yule mjane. Ni sadaka, usinitaje." Nikaipokea.

Usiku ule nilijitetea sana. Wajane wapo Sherikat, nchi imepita vita. Watoto wagonjwa wapo. Basi nilichosema kipo, ila hakikumpata mama yule. Tena Waislamu tumesimuliana visa vya kubuni tangu zamani: Kalila na Dimna ya Ibn al-Muqaffa imejaa wanyama wanaosema. Lakini nani aliwahi kumpelekea mnyama wa Kalila na Dimna sadaka? Msomaji anajua tangu mwanzo kuwa ni mfano. Mimi nilisema "nilimwona kwa macho yangu". Maneno hayo hukigeuza kisa kuwa ushahidi, na ushahidi una masharti yake.

Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi na wawaidhi, akiwakemea wanaozua mambo. Hakuwa adui wa kusimulia. Yeye mwenyewe alikuwa mwaidhi mashuhuri. Na sote tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, akakuta unyevu chini. Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kilicholowa watu wakione. Miaka yote nilidhani hadithi ile inawahusu wauza nafaka.

Kubadilisha jina la mtu ili kumsitiri, kufupisha, kuchagua pa kuanzia: hiyo ni kazi ya msimulizi, sioni tatizo. Kumwongezea mtu msiba ni kuuza kitu ambacho hakipo, na bei niliyolipwa ni huruma ya mzee wa watu. Ajabu ni kwamba jaji mmoja aliponipongeza kesho yake alitaja yale mafungu matatu ya nyanya. Mjane hakumgusia kabisa.

Nikampigia mjomba. Alicheka mpaka akakohoa. "Mjane? Mume wake ndiye anayenishushia mizigo hapa dukani. Nimpe pole?" Kisha akanyamaza. "Mrudishie mzee pesa zake, na umwambie kwa nini."

Ijumaa nilimngoja nje ya msikiti. Nilimweleza yote huku nikitazama viatu vyangu. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliishika bahasha kwa muda.

"Nyanya zilioza kweli?"

"Zilioza, mzee."

"Makreti mangapi?"

"Manne."

"Na kreti moja huko linanunuliwa bei gani?"

Sikujua. Ilibidi nimpigie mjomba tena, pale pale mlangoni.