Saa ya Kuwasha Taa

Kila Pasaka ikaribiapo swali moja hurudi katika parokia zetu: Mkesha uanze saa ngapi? Mkristo wa Kirua Vunjo ana haki ya kuliuliza. Pasaka mara nyingi hutujia wakati wa masika. Njia zipitazo kati ya vihamba zateleza, na kupanda na kushuka mpaka kanisani kwachosha hata mchana. Basi huwapo wasemao: "Tuanze saa kumi na moja jioni, ili watu wafike kwao mapema." Ombi hili latoka katika huruma. Hata hivyo yatupasa kulipima, na kwanza tuwatazame Wayahudi, ndugu zetu wakubwa katika imani, jinsi wazishikavyo saa za taa zao.

Kwao, kwa desturi, mama wa nyumba ndiye awashaye taa za Sabato, nazo huwashwa Ijumaa kabla ya jua kuchwa; wengi huziwasha dakika 18 kabla. Jua likisha kuchwa hakuna ruhusa tena, maana Kitabu cha Kutoka chakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Lakini sikukuu ina sheria nyingine. Kwa kuwa Torati yaruhusu kutayarisha chakula siku hiyo, moto waweza kutumika. Ila usiwashwe upya, bali utwaliwe katika moto uliokuwa ukiwaka tangu kabla. Na sikukuu ikiifuata Sabato mara moja, mama hana budi kungoja mpaka Sabato iishe na nyota zionekane, asije akaivunja siku takatifu moja kwa kuiharakia nyingine. Taa ni zile zile, na mkono ni ule ule. Lakini leo sheria yamwambia asichelewe, na kesho yamwambia asiwahi.

Hayo hayapo mbali nasi. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wako Wayahudi waitwao Abayudaya, ambao dini yao ilianzishwa huko na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku, wengi waliiacha. Wachache waliishika kwa siri, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 wakaidhihirisha tena. Watu waliochukua hatari kwa ajili ya Sabato yao hawawezi kuiona saa yake kuwa jambo dogo.

Labda mtu atauliza: Mungu ana haja gani na dakika zetu? Twajibu kwamba Mungu hana haja. Wenye haja ni sisi. Ajichagulie mtu saa impendezayo, na sikukuu yawa mali yake. Aingojaye nyota hukiri kwamba siku ni ya Mungu, na yeye ni mgeni aliyealikwa. Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka.

Kanisa nalo lina taa yenye saa yake, yaani mshumaa wa Pasaka. Kwa karne nyingi Mkesha uliadhimishwa Jumamosi asubuhi. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Kilema mwaka 1890 waliishika desturi hiyo ya Kanisa zima: moto mpya uliwashwa jua likiangaza, na sifa za usiku mtakatifu zikaimbwa mchana kweupe. Hawakukosa, maana waliitii sheria iliyokuwapo. Lakini ishara yenyewe ilikuwa imefunikwa. Ndipo Papa Pius XII, mwaka 1951, akaruhusu kwa majaribio Mkesha urudi usiku. Na kwa amri ya tarehe 16 Novemba 1955 urudishwe hivyo kwa wote wa Ibada ya Kirumi, tangu Juma Kuu la 1956. Mwaka 1988 Roma ilikumbusha tena: usianze kabla ya usiku kuingia, uishe kabla ya mapambazuko, na kuufanya katika saa za Misa za Jumamosi jioni ni jambo la kulaumiwa.

Huku Moshi, majira ya Pasaka, jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu. Basi saa kumi na moja si usiku, na mshumaa uwashwao wakati huo haushindani na giza lolote. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mamaye ataona nini? Lakini akiuona mwali mmoja ukiingia katika kanisa lenye giza, kisha ukigawanywa mkono kwa mkono mpaka nyuso zote zionekane, amekwisha kufundishwa Ufufuko kabla hajajua kusoma.

Je, huruma isahauliwe? Hasha. Wayahudi wenyewe hufundisha kwamba kuokoa uhai kwaitangulia Sabato. Mgonjwa, mzee asiyejiweza, mama aliye karibu kujifungua, hao na waje kwenye Misa ya Jumapili mchana, wala wasisumbuke moyoni. Wenye nguvu nao wachukue mzigo wao: kila jumuiya itembee pamoja, vijana watangulie na tochi, wanaume wamsindikize mjane mpaka mlangoni pake. Saa moja na nusu usiku yatosha kuanza. Kuirudisha saa nyuma ni rahisi kuliko kusindikizana. Lakini kusindikizana gizani, tukiwa na nuru mkononi, ndiko kuiishi Pasaka yenyewe.

Basi, wazazi wapendwa, mwaka huu tuungoje usiku. Kristo hakungoja giza liondoke ndipo afufuke, alifufuka lingalipo.