Uzuri Uliolipiwa na Wengine

Muhula uliopita mwalimu wetu alituonyesha nakala ya picha ya zamani iliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Ilikuwa picha ya meli ya mvuke yenye matanga: milingoti mitatu, bomba la moshi katikati, na bahari ya kijani chini yake. Jina la meli halikuandikwa. Darasa zima lilisema, "Nzuri!" Nami nilisema hivyo. Ndipo mwalimu akatueleza kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli ya aina hiyo, Glasgow, iliyoundwa Uskoti mwaka 1878. Akauliza: "Fedha za kuinunua zilitoka wapi?"

Swali hilo lilinirudisha nyumbani Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Sultani alitoza ushuru pembe za ndovu zilizofika pwani, na baadhi ya pembe hizo zilitoka pande zetu. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akachukua shehena kubwa ya pembe. Pembe hazina miguu. Zilibebwa mabegani na watu. Wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kisiwani kwa mujibu wa sheria hadi mwaka 1897. Kwa hiyo Glasgow ilitia nanga mbele ya mji ambao bado ulikuwa na watumwa.

Je, ni halali kufurahia uzuri uliolipiwa kwa maumivu ya wengine?

Wapo wanaosema uzuri ni uzuri tu. Rangi haina dhambi, na mchoraji hakumfunga mtu kamba. Hoja hii ina uzito. Tukitupa kila kitu kilichoguswa na dhuluma, tutabaki na vichache sana. Wengine husema kitu cha namna hiyo kikataliwe kabisa. Bibi yangu yuko karibu na upande huu. Nilipomwambia kwamba nasoma Kiswahili, aliniuliza, "Mjukuu wangu, katika lugha zote, umechagua ya wale waliokuja na kamba?" Siku ile sikuwa na jibu. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, pamoja na habari za kushindwa kwa Nsama. Basi kama meli ina kesi ya kujibu, lugha ninayoisomea nayo inayo.

Hata hivyo naona tofauti moja. Meli ilikuwa mali ya mfalme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliizamisha bandarini, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini. Waliobeba pembe hawakupata fungu lolote, meli ilipoelea wala ilipozama. Lakini lugha haikubaki mikononi mwa walioileta. Leo katika soko la Kashikishi mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo hupatana bei ya chisense, dagaa wetu, kwa Kiswahili, na hakuna anayemtoza ushuru kwa kuisema. Wajukuu wa waliobeba mizigo wameichukua wakaifanya yao. Hilo halifuti dhuluma, ila linabadilisha mwenye mali.

Kwa maoni yangu, basi, kufurahia ni halali, lakini kuna deni. Mchoraji ametuonyesha matanga na moshi; kazi ya kuwakumbuka wasiochorwa ni yetu tunaotazama. Kipimo changu ni hiki: je, naweza kusema "nzuri" mbele ya yule aliyelipa? Nikiona haya kusema hivyo mbele yake, basi kuna jambo nimelificha.

Wakati wa likizo nilimwonyesha bibi picha ile kwenye simu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na sisi tuko wapi hapa?" Nikamweleza kwa Kibemba haya niliyoyasema, juu ya Nsama, pembe na wapagazi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi liandike hilo, kwa lugha hiyohiyo yao."

Ndiyo maana nimeliandika.