Moyo Hupiga Kabla ya Mishipa Yake

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, twataka kujibu suali tuliloulizwa Kakamega, katika darasa ya baada ya Alasiri, kwani na huku kwetu pwani twalisikia. Ndugu mmoja alisema: "Sheikh, mke wangu ana mimba ya miezi miwili, nami nimemwambia asiende kiliniki mpaka itimie minne. Roho haijatiwa, kilichomo ni damu tu."

Hadithi aliyoitegemea ni sahihi. Imo katika Bukhari na Muslim, nayo yataja siku 120. Lakini yatupa khabari ya roho, wala haikusema ya kuwa kabla yake hapana kazi inayofanywa.

Matabibu wameitazama kazi hiyo. Moyo huanza kupiga yapata siku ya 22 tangu mimba kutunga, nao wakati huo haujafikiwa na mshipa wowote wa fahamu. Nyama yake hujipiga yenyewe. Chembe za kuijenga mishipa hiyo hazizaliwi moyoni. Hutoka mgongoni, katika kingo za bomba litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo, zikasafiri (nasi tulistaajabu kuyasoma haya) hadi kifuani. Nyingine zikawa za kuupunguzia moyo mbio, nyingine za kuuongezea. Na bomba lenyewe huwa limekwisha zibika yapata siku ya 28. Wanawake wangapi hapo hawajajua hata kuwa ni waja wazito!

Wala mtu asituambie ya kuwa pigo hilo lapinga hadithi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alieleza kuwa kijusi kabla ya roho kina mwendo wa kukua, kama mmea, si mwendo wa hiari. Kwa rai yetu, pigo la moyo usio na mishipa ya fahamu ni la namna hiyo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Tulimwambia ampeleke mkewe kesho yake, akapimwe damu na presha. Ama asidi ya foliki, ambayo hulisaidia bomba lile kuzibika sawa, faida yake kubwa ni kuanza kuinywa kabla ya mimba. Unga wa mahindi wa pakiti nchini Kenya umelazimishwa kutiwa asidi hiyo tangu 2012, lakini ule wa kusagisha kinuni mtaani kwa kawaida hautiwi, na huko wengi ndio walao.

Akauliza: "Na binti yangu aliyeolewa juzi?"

Tukamwambia: huyo aanze leo.