Mji na Pindo Lake

Mwalimu wa Kiswahili atakaye kufafanua neno "mji" hana haja ya kwenda mbali: na aikunjue kanga. Pembeni imezungukwa na pindo. Katikati imekaa sehemu iitwayo mji. Yaani kwa wenye lugha, mji ni kile kilicho kati. Kinyarwanda nacho kina mtazamo huohuo. Mkazi wa Kigali, ingawa nyumba yake imo ndani ya mipaka ya jiji, husema anakwenda "mu mujyi", naye akusudia kilima cha Nyarugenge. Basi swali letu ni hili: jiji likijengwa upya, na yule aliyekuwa mjini akajikuta kwenye pindo, je, amenyang'anywa kitu ambacho ni haki yake?

Yuko atakayejibu kwamba kati si mali ya mtu, kwa kuwa huhama. Kweli, huhama. Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, makao ya mfalme yalikuwa Nyanza. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kigali ilifanywa mji mkuu ingali na watu wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,745,555. Wizara nyingi zimekaa Kacyiru. Ukumbi mkubwa wa mikutano ulifunguliwa Kimihurura mwaka 2016. Viwanda vya bonde la Gikondo vimehamishiwa Masoro. Jiji lenye kukua hivyo haliwezi kukunjwa likatiwa sandukuni.

Tena tusiwadhulumu wapangaji wa jiji. Nyumba zilizobanana juu ya miteremko mikali hukabiliwa na maporomoko kila masika, na bonde lisilo na mifereji huleta maradhi. Anayesifu vibanda hivyo naye analala penye sakafu kavu, huyo asema asiyoyajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, tutazame Kiyovu. Juu ya mteremko walikaa matajiri, chini yake maskini, na wenyeji wakazitenga sehemu hizo kwa majina: Kiyovu cha matajiri na Kiyovu cha maskini. Kati ya mwaka 2007 na 2008 ile ya chini ilibomolewa, na wengi wa waliokuwa na nyumba wakapelekwa Batsinda, upande wa kaskazini. Sehemu ya kiwanja kilichoachwa ilikaa miaka kadhaa bila jengo. Baadaye ikaja zamu ya Kangondo na Kibiraro, mitaa iliyojulikana kwa jina la Bannyahe. Wakazi walipewa nyumba za ghorofa huko Busanza. Baadhi yao walizikataa, wakataka fedha, wakaenda mahakamani. Mwezi Septemba 2022 mitaa hiyo iliondolewa.

Huenda mtu akauliza: anayetolewa kwenye kibanda cha udongo akapewa nyumba imara, analalamikia nini? Jibu ni kwamba maskini hakukaa pale kwa ajili ya kuta. Alikaa kwa ajili ya ukaribu. Mama afuaye nguo katika nyumba za juu alipanda kwa miguu, akashuka mchana kumtazama mtoto. Mchukuzi alifika sokoni kabla ya jua. Muuza ndizi alikopeshwa na jirani amjuaye. Ukaribu huo ndio uliokuwa shamba lake. Alilima hapo, akavuna hapo. Ukimpa nyumba nzuri mbali na kazi, umempa ghala ukamnyima shamba.

Sheria ya mwaka 2015 ya utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma iliagiza fidia ya haki, na juu yake nyongeza ya asilimia 5 ya thamani ya mali kwa ajili ya usumbufu. Ni jambo jema kwamba usumbufu ulitambuliwa. Lakini yafaa tupime kipimo chenyewe. Asilimia 5 ya jumba la kifahari ni fedha nyingi, ilhali mwenyewe ana gari. Asilimia 5 ya kibanda ni kidogo mno, ilhali mwenyewe ndiye atakayelipa nauli asubuhi na jioni, mwaka hata mwaka. Na mpangaji wa chumba, asiye na mali ya kuthaminiwa, asilimia 5 yake ni ya nini? Tumepima kuta, hatukupima njia.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, hakuna mtu mwenye haki ya kuuzuia mji usisogee. Lakini kila aliyeishi kwa ukaribu ana haki ya kuhesabiwa ukaribu huo. Unaweza kulipwa kwa nyumba zilizo karibu na kazi, au kwa kazi zilizo karibu na nyumba, au kwa basi analolimudu. Atakayechagua ni jiji. Kulipa ni wajibu.

Ndugu walimu, mkiwafundisha wanafunzi sehemu za kanga, waulizeni pia pindo ni la kazi gani. Watajibu wenyewe: ni kitambaa kilekile, na likichanika, mji nao hufumuka.