Maji Yaliyo Tahiri na Haki ya Jirani

Ndugu yetu mmoja aliyeko Chebunyo, katika nchi ya Bomet, ametuuliza: maji machafu ya miji na viwanda yakisafishwa kisha yakarejeshwa mtoni, je, yafaa kutawadhia? Na aliyeyasafisha amekwisha kuondokewa na dhima?

Swali la kwanza ni jepesi. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia lilitoa fatwa mwaka 1978 kuwa maji hayo, yakisafishwa hata isibaki rangi, ladha wala harufu ya najisi, huwa tahiri. Nasi twaikubali. Lakini fatwa hiyo yenyewe ilitenga najisi na dhara ya afya, na hapo ndipo penye swali la pili.

Tope la mtoni lina kazi kubwa. Chembe zake hushika shaba, risasi na baadhi ya dawa za wadudu, zikatulia chini. Sasa maji yaliyosafishwa, hata yakiwa meupe kama kioo, hubakiwa na mabaki ya uozo yaliyoyeyuka, yasiyoonekana kwa jicho. Mabaki hayo nayo hushika sumu, yakashindana na tope. Na mara nyingi sumu ambayo ingelala hapo hufuatana na maji, hata iliyokwisha kulala huweza kuamshwa. Mfano wake ni mafuta yaliyoingia nguoni: maji matupu hayayatoi, sabuni huyatoa. Si kila mara. Pengine mabaki hayo hujipaka juu ya udongo yakauzidishia nguvu ya kushika. Yategemea maji, udongo na sumu yenyewe.

Mto Nyangores hupita mjini Bomet, ukakutana na Amala, ukawa Mara, ukavuka Tanzania hata ukaingia Ziwa Viktoria upande wa Musoma. Aliye juu aona maji meupe, huridhika. Aliye chini ndiye anywaye. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, wala hakungojea mpaka yageuke rangi.

Atakuja mtu aseme: basi kusafisha kuna faida gani? Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya hoja. Maji yasiyosafishwa yana uozo zaidi na maradhi juu yake, nasi wa pwani twayajua: pale Mikindani yameingia mikokoni miaka mingi. Twasema tu kwamba kupima kwenye mdomo wa bomba hakutoshi. Na lipimwe tope, na yapimwe maji ya chini, masika na kiangazi.

Ndugu yetu wa Chebunyo atawadhe, wala asirejee sala zake. Ama dhima, hiyo i juu ya mwenye bomba, na ana haki ya kumwendea kumuuliza.