Msiuuze Uanagenzi Wenu

Wanangu mnaoanza kazi, nawasikia mkibishana kama akili mnemba itawanyang'anya ajira. Ubishi huo umeshapitwa. Waulizeni vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wateja wakaanza kuyoyoma. (Kazi yenyewe ilikuwa na walakini, lakini watu walikula.)

Hofu yangu iko kwingine. Mwaka 2023 mchumi Erik Brynjolfsson na wenzake walitoa utafiti juu ya wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja, waliowekewa mashine ya kuwapendekezea majibu. Kwa wastani, matatizo waliyoyamaliza kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14. Wageni wa kazi walipanda kwa asilimia 34, ilhali wakongwe hawakufaidika sana. Mtashangilia, na mna haki. Ila majibu yale yalitoka wapi? Mashine ilikuwa imelishwa mazungumzo ya wahudumu wa kampuni hiyohiyo, hasa wale hodari. Mgeni alivishwa ujuzi wa mkongwe, na nguo ya kuazima mnajua haisitiri maungo.

Juzi kijana mmoja aliniletea barua ya kumjibu mteja anayedai fidia. Lugha imenyooka, heshima tele, na kifungu cha 14 cha mkataba kimetajwa kwa kujiamini kabisa. Nikamwambia, "Hebu nifungulie hicho kifungu, mwanangu." Mkataba una vifungu 11. Hakuwa ameufungua hata mara moja. Barua ya dakika chache ikatugharimu asubuhi nzima, na hasara ya namna hiyo sijaona ikiandikwa kwenye ripoti za tija. Wala si ujana peke yake: mwaka huohuo wa 2023, jijini New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa na uzoefu wa miaka 30.

Mwajiri naye anapiga hesabu. Ikiwa mgeni mmoja mwenye mashine anafanya kazi ya wawili, wa pili ataajiriwa wa nini? Na huyo mmoja aliyebaki, kama hajawahi kuhangaika na mkataba mwenyewe, atakuwa mkongwe lini?

Sisemi muikimbie mashine. Itumieni, lakini andika kwanza rasimu yako, mbovu hivyohivyo, ndipo uipe mashine ikukosoe. Kila tarakimu na kila kifungu kitafute kwenye karatasi yake. Ikikusahihisha, iulize sababu, kisha kamuulize na mtu. Na ukipata kazi ya mshahara mdogo chini ya mkongwe anayekurudishia barua zikiwa zimejaa wino mwekundu, usiiache haraka kwa sababu jirani analipwa zaidi kwa kunakili, kubandika na kutuma.